Mafiga ya Chini ya Ziwa

Lori lilikuwa mita mia tatu mbele, na kila kona ukungu ulilimeza kisha ukalitema.

Esnath alikanyaga mafuta.

Subaru Forester ya kijivu ilinguruma, ikapita basi, ikapita bodaboda wawili waliobeba mkaa, ikarudi upande wake kidogo tu kabla ya kukutana uso kwa uso na tenki la mafuta lililotoka Njombe. Dereva wa tenki alipiga honi na, bila shaka, alitukana. Esnath hakumsikia.

"Mzinga, hapa Nyuki. Nimeliona."

"Nyuki, simu yake inasoma humohumo ndani ya lori," ilijibu sauti kwenye kidude cha sikioni. "Lisimamishe. Tunamtaka mzima."

Sauti ilikuwa ya Maganga, mkuu wake wa kazi, aliyeketi ofisini Dodoma mbele ya skrini nne na kikombe cha kahawa. Esnath alimheshimu sana Maganga. Alimheshimu zaidi akiwa mbali.

Alilipita lori, akalifungia njia, akashuka na bastola, Glock 19, mkononi kabla gari lake halijatulia. Breki za lori zililia. Lilisimama hatua mbili kutoka kwenye mlango wa Subaru.

"Shuka! Mikono juu!"

Alishuka mwanaume mfupi mwenye kofia ya sufu. Aliitwa Yotamu, na alikuwa amebeba karatasi kutoka Mgololo, zimeviringishwa mabunda makubwa, kila bunda na tundu lake katikati.

"Dada, haki ya Mungu, mimi napeleka karatasi tu. Kama kuna kingine humo sijaweka mimi."

Esnath alimwonyesha picha kwenye simu. "Huyu yuko wapi?"

"Aa, huyu! Kapanda Mafinga, kashuka Makambako stendi. Mtu mstaarabu kabisa. Kashukuru vizuri."

Esnath alipanda nyuma ya lori. Alitumia dakika nne kuipata ile simu, imesukumizwa ndani ya tundu la bunda la tatu, ikiwa imewashwa na chaji asilimia tisini na moja. Walikuwa wamefukuza karatasi za madaftari tangu saa mbili.

Alitamani kuipiga teke. Aliitia kwenye mfuko wa plastiki, akashuka.

"Alikuwa na mzigo gani?"

"Begi dogo la mgongoni," alisema Yotamu, mikono bado juu. "Mwavuli mweusi. Na mchele."

"Mchele?"

"Mchele, dada. Kilo kumi hivi, ule wa Kyela, unanukia mpaka nikasikia njaa. Nikamwambia weka huko nyuma, kakataa. Kaupakata kama mtoto."

Esnath alisimama katikati ya barabara, magari yakimpigia honi pande zote mbili.

Mtu anayekimbia nchi anabeba mchele wa nini?

Alfajiri ya siku ile, kwenye maabara ya mradi mmoja mjini Iringa, Edmund Mwalukasa alikuwa ametoa diski kwenye kabati la chuma na kuondoka nayo. Diski yenyewe ilikuwa ndogo kuliko kiberiti. Ndani yake kulikuwa na ramani ya miaka sita ya kazi: sakafu ya Ziwa Nyasa, upande wa Matema, jinsi ilivyokuwa zamani za kale kabla maji hayajapanda. Fukwe zilizozama. Mto uliokauka, kisha ukafunikwa. Na mahali hamsini na tatu ambapo watu waliwahi kuishi.

Edmund ndiye aliyekuwa akiburuta sona, chombo cha kupima chini ya maji kwa sauti, nyuma ya boti, huku na huko kama mtu anayelima kwa ng'ombe, na kusoma mwangwi wake kwenye skrini. Diski ilifunguka kwa alama ya kidole chake tu.

Aliyeitaka aliitwa Verhoek, mfanyabiashara wa vitu vya kale ambaye pasipoti zake zilikuwa nyingi kuliko viatu vyake. Meli yake ya kuchota mchanga ilikuwa ng'ambo ya ziwa, imewasha injini, haina mchanga wowote wa kuchota. Ilisubiri tu namba za kuonyesha mahali penyewe. Namba ambazo Edmund angeweza kuzituma kwa simu, lakini Edmund hakuwa mjinga. Akishatuma, nani angemhitaji tena?

Esnath alirudi garini, akampigia Dakta Veneranda, mwanamke wa Kalenga aliyeuanzisha mradi ule na kuusimamia.

"Dakta, jana Edmund alikuwaje?"

"Kamwene, mwanangu. Usinitajie huyo mtu."

"Kamwene, mama. Nisaidie tu. Alikuwaje?"

"Alilia. Alipigiwa simu kwamba mama yake mdogo amefariki, huko Soweto, Mbeya. Aliyemlea. Nikampa ruhusa na pole nikampa. Kumbe ananichezea! Alikuwa anatafuta njia ya kutoka."

"Ramani nyingine unayo?"

"Ramani ninayo, Esnath. Ninachoogopa ni macho ya watu wengine. Kule chini kuna mafiga. Mawe matatu matatu, yamekaa vilevile walivyoyaacha, hata moja halijasogea. Wakiingiza kile kijiko chao cha chuma, watabeba mawe mawili wauze, na mengine yote yatakuwa kokoto. Hatutajua tena nani alipika pale, wala alikaa upande gani. Mimi nina miaka sitini na moja. Sitapata ziwa lingine."

Esnath alikata simu, akabonyeza kidude cha sikioni.

"Mzinga, hapa Nyuki. Lori lilikuwa chambo. Edmund anakwenda Mbeya, Soweto. Kuna msiba."

"Msiba ni uongo wake, Nyuki. Nimeweka watu Tunduma, Kasumulu na Mbamba Bay. Wewe nenda Mbamba Bay."

"Mkuu, kwetu mtu hamfishi mama yake mdogo kwa mdomo. Msiba ni wa kweli. Na amebeba mchele."

"Unaniambia mwizi wa kimataifa, nchi nzima inamtafuta, anapitia msibani?"

"Mnyakyusa anakwenda msibani, mkuu. Huo wizi ni kazi yake tu."

Maganga alishusha pumzi. Yeye alikuwa Msukuma wa Usangu, na ng'ombe aliwaelewa kuliko watu.

"Sina mtu wa kukupa," alisema.

"Sijaomba."

Aligeuza gari.

Makambako ilipita. Igawa ikapita. Chimala, Igurusi, malori yamejipanga kama siafu. Esnath aliendesha akigongagonga usukani kwa kidole. Alikuwa na uhakika. Kisha hakuwa na uhakika. Uyole alikuwa na uhakika tena, na hapo alikwama dakika ishirini nyuma ya trela lililoharibika akawa anaapa kimoyomoyo kwa lugha tatu.

Saa saba kasoro robo aliingia Soweto.

Turubai la bluu lilikuwa limefunga nusu ya barabara. Wanaume upande mmoja, kwenye viti vya plastiki. Wanawake upande wa pili, kwenye mikeka na kwenye moshi. Esnath alipaki mbali, akafunga khanga mbili juu ya jinzi, moja kiunoni na moja mabegani. Bastola ikalala chini ya khanga ya kiunoni, upande wa kulia.

Msibani mwanamke haingii kama anaingia benki. Anaingia analia.

Alifungua mdomo alie kilio cha kazi. Kikatoka kilio cha kweli. Miaka miwili iliyopita mama yake alizikwa Tukuyu wakati yeye yuko juu ya paa la hoteli moja nje ya nchi, akimvizia mtu ambaye hakutokea. Wajomba zake hawakumsamehe. Na yeye hakujisamehe. Alilia mpaka wanawake wawili wakamshika mikono na kumkalisha, wakimpa pole kwa Kinyakyusa, "Ndaga, ndaga, basi mwanangu," na hakuna hata mmoja aliyemuuliza ni nani.

Alipofuta macho, alimwona.

Edmund alikuwa amekaa miongoni mwa wanaume, koti jeusi, macho mekundu. Mwavuli ulikuwa katikati ya magoti yake. Mfuko wa mchele ulikuwa tayari jikoni, na mama mmoja mnene aitwaye mama Lusekelo, mkuu wa sufuria, alikuwa anausifu kwa sauti.

Mtu alikuwa palepale, hatua kumi na tano, na Esnath hakuweza kumgusa. Angetoa bastola msibani? Wangemzika yeye kwanza. Edmund naye alijua hivyo. Ndiyo maana alikuwa amekaa wazi kiasi kile.

"We binti," alisema mama Lusekelo, "umekaakaa tu. Chukua birika ukawanawishe wanaume."

Esnath alichukua birika na beseni.

Alianza na wazee, akipiga goti, akimimina maji, akisubiri kila mmoja asugue mikono yake taratibu kama hakuna ndege wala meli duniani. Mzee mmoja aliomba maji tena. Mwingine alimuuliza ni wa ukoo gani. Mtu wa kumi na mbili alikuwa Edmund.

"Karibu maji, kaka."

Edmund alinyoosha mikono, akainua macho, na mikono ikasimama. Alimfahamu. Esnath ndiye aliyekuja maabara mwezi uliopita kukagua makufuli.

"Umenijuaje?" alinong'ona.

"Mchele. Nawa."

Alinawa. "Hujaja na polisi?"

"Nimekuja na birika. Diski iko wapi, kaka?"

"Niache nimzike mama. Saa tisa tunazika. Baada ya hapo tutazungumza."

"Baada ya hapo unakwenda kwa Verhoek."

"Verhoek ananiita kwa jina langu." Edmund aliongea bila kusogeza midomo, lakini hasira ilisikika. "Miaka sita nimechora lile ziwa. Nimetapika kwenye ile boti, nimepigwa na mawimbi. Yale mafiga niliyaona mimi, dada. Mimi wa kwanza, saa nane mchana, Dakta amelala chini ya turubai. Nenda kafungue ripoti yao. Tafuta Mwalukasa. Hakuna."

"Na kesho watayang'oa."

Edmund alitazama upande wa jikoni, mahali mama Lusekelo alipokuwa anasukuma kuni katikati ya mawe. Mzee wa pembeni alikohoa, maana maji yalikuwa yamechelewa kumfikia. Esnath alisogea.

Saa nane na nusu ilikuja Prado nyeusi.

Walishuka wanaume wawili wenye miwani. Hawakusalimia. Hawakutoa pole. Mmoja, mrefu, alikwenda moja kwa moja upande wa wanaume akasimama nyuma ya viti, akiangalia saa. Wa pili alizunguka nyumba kwa nyuma, kupitia jikoni, akiruka miguu ya wanawake kana kwamba ni magogo.

"Huyu katoka wapi?" alisema mama Lusekelo. "Hana mama?"

Esnath aliokota mwiko wa ugali, ule mrefu wa kusongea kwa mikono miwili.

Alimkuta nyuma ya choo, mkono ndani ya koti, akifungua kufuli ya usalama ya bastola yenye kizuia sauti.

"Kaka, umepotea?"

Aligeuka.

Mwiko ulimpata kwenye kifundo cha mkono. Bastola ilianguka kwenye majivu. Alifungua mdomo apige kelele, na pigo la pili lilimpata chini ya sikio. Aliketi polepole, akalala. Sekunde nne. Kule mbele waimbaji wa kanisa la Moraviani walikuwa wameanza pambio, na hakuna aliyesikia kitu.

Isipokuwa mama Lusekelo, aliyekuwa amesimama kwenye kona na kamba ya kufungia kuni.

"Ni mwizi?"

"Ni mbaya zaidi, mama."

"Nipe miguu yake," alisema mama Lusekelo, akaanza kufunga.

Simu ya yule mtu ilitetemeka. Esnath aliisoma bila kuifungua, ujumbe ulikuwa juu ya kioo. Ulikuwa mfupi.

*Ndege Songwe saa kumi na nusu. Viti vitatu tu: mimi na nyinyi wawili. Leteni diski na kidole. V.*

Aliusoma mara mbili.

"Mzinga, hapa Nyuki. Verhoek yuko Songwe, uwanja wa ndege. Anaondoka saa kumi na nusu."

"Una uhakika?"

"Ameniandikia mwenyewe."

Jeneza lilitoka saa tisa kasoro kumi. Makaburini palikuwa mwendo wa dakika kumi, na mji mzima ulitembea. Mtu mrefu alitembea mgongoni kwa Edmund kama kivuli, mkono mmoja mfukoni, akigeukageuka kumtafuta mwenzake. Esnath alipenya katikati ya kina mama mpaka ubavuni mwa Edmund. Kwa desturi asingetembea pale. Alijifunika khanga mpaka puani, akalia kwa sauti, na huku analia aliiweka ile simu kwenye kiganja cha Edmund.

Edmund aliinamisha kichwa. Aliona viti vitatu. Akaona neno kidole.

Aliikunja mikono yake yote miwili ndani ya koti, kama mtu aliyeshikwa na baridi ghafla.

Kaburi lilikuwa limejengwa kwa tofali. Pembeni mafundi walikuwa wamekwisha kuchanganya zege, wanasubiri na makoleo yao. Mchungaji alisoma. Jeneza lilishuka. Esnath alihesabu watu, njia, umbali: mtu mrefu hatua mbili nyuma ya Edmund, yeye hatua moja nyuma ya mtu mrefu.

"Mtoto wa marehemu," aliita mchungaji.

Hakumwita mpwa. Alimwita mtoto. Edmund alipiga magoti ukingoni, akachota udongo mwekundu kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulitoka ndani ya koti, ukakutana na wa kushoto. Alinyoosha yote miwili juu ya kaburi.

"Mama, nisamehe," alisema kwa sauti, akaachia.

Udongo ulianguka. Na kitu kidogo cheusi kilianguka ndani yake, kikagonga jeneza, kikateleza pembeni kwenye ufa kati ya mbao na tofali.

Esnath alikiona.

Mtu mrefu naye alikiona.

"We! Kitoe!" alifoka, na akamsukuma Edmund pembeni, akatia mguu ndani ya kaburi.

Pambio lilikatika.

Esnath alikuwa amefanya kazi hii miaka kumi na moja, na hakuwahi kusikia watu mia tatu wakinyamaza mara moja. Mchungaji alishusha Biblia. Mmoja wa wachimba kaburi alisema polepole, bila hasira, "Kaka, unakwenda wapi?"

Mkono wa mtu mrefu ulianza kutoka mfukoni.

Mdomo wa Glock ulimgusa kwenye figo, kupitia khanga.

"Uache hukohuko," alisema Esnath sikioni mwake. "Mimi nitakupiga moja tu. Hawa sijui."

Mtu mrefu aliwatazama. Wanaume walikuwa wamesogea, makoleo mikononi, na hakuna aliyekuwa anatazama bastola ya mtu. Walikuwa wanatazama kiatu chake juu ya ukuta wa kaburi. Alikitoa. Alitoa na mkono, mtupu. Wachimbaji wanne walimshika, wakamwondoa kama wanavyomwondoa mlevi, na wakamkalisha chini ya mkaratusi huku wawili wamekalia miguu yake.

Edmund alikuwa bado amepiga magoti, anamtazama Esnath. Mchungaji pia. Kulikuwa na nafasi. Mtu mmoja mwembamba angeweza kushuka, kunyoosha mkono, kuchukua. Nusu dakika tu.

Esnath aliinama, akachota udongo, akarusha.

Watu wakafuata. Udongo juu ya udongo. Kisha mafundi wakamimina zege, wakalisawazisha kwa ubao, na mtoto mmoja wa kike akaweka maua kabla halijakauka na akagombezwa.

Walirudi nyumbani. Watu walinawa mikono, na safari hii mwingine alishika birika. Edmund alikula wali kidogo, akawaaga wazee mmoja mmoja, na akatoka mwenyewe mpaka kwenye Subaru. Esnath alimfunga pingu ndani ya gari, akazifunika kwa khanga, ili shangazi zake waliosimama barabarani wamwone anakwenda kama mtu anayewahi kazi.

"Mimi nitafungwa," alisema Edmund.

"Ndiyo, utafungwa."

"Alinilea yeye. Dakta atakwambia niliiba, na ni kweli. Lakini kuzika nimezika."

Esnath alimwonea wivu, na ilimuuma kwamba anamwonea wivu mwizi.

Alimpigia Dakta Veneranda. Alimwambia namba haziko tena mikononi mwa mtu mwingine yeyote, akamsikia mama mzima analia kama mtoto. Alimwacha alie, kisha akasema, "Dakta, jina la Edmund haliko kwenye ripoti."

"Ameniibia, Esnath!"

"Ameiba, na atajibu. Na mafiga aliyaona yeye. Liandike."

Upande wa pili zilisikika karatasi zikifunuliwa. "Mwalukasa ni kwa L au R?" aliuliza Dakta, bado ana hasira.

"L, mama."

Kidude cha sikioni kililia kabla hajawasha gari.

"Nyuki! Kazi safi!" Maganga alikuwa anapiga kelele. "Verhoek tumemtoa kwenye ngazi ya ndege, soksi moja mguuni. Meli yake ng'ambo imezuiwa. Waziri anataka ushahidi mezani kesho asubuhi. Diski unayo?"

"Diski iko kaburini, mkuu."

"Kaburini?"

"Chini ya zege."

"Basi chukua mafundi, uchimbue! Nakupa kibali sasa hivi."

Esnath alitazama kwenye kioo. Wazee walikuwa wamerudi kukaa kwenye viti vya plastiki. Wale wachimbaji wanne walikuwa wanaosha makoleo, yule mrefu amefungwa miguuni pao, wakisubiri polisi. Mama Lusekelo alikuwa amekalia kigoda karibu na mtu aliyefungwa kamba za kuni, anamlisha ugali kwa kijiko, anamgombeza.

"Sawa, mkuu," alisema. "Kuna ndege ya Mbeya kesho saa moja asubuhi. Njoo uwaombe mwenyewe. Usisahau mchele."

Alitoa kidude sikioni, akakitupa kwenye droo ya gari, akaondoka taratibu ili asiwatimulie vumbi waombolezaji.